Silabi inachelewesha msomaji? Kihispania, Kibaski na hesabu zao

Ukitaja silabi watu wengi wanakumbuka ba be bi bo bu ya darasa la kwanza na wanaona mambo yaliishia hapo hapo, yaani mtoto akishajua kusoma anaachana nazo na kukamata neno zima kwa jicho. Kwenye saikolojia ya lugha nako lipo kundi kubwa tu linalofikiri hivyo: mtu mzima akisoma kimyakimya kuna herufi, kuna neno, katikati hamna kitu. Wanaosema katikati kuna silabi wanaonekana kama wamekwama shule ya msingi, na kwa kweli wameonewa.

Mwaka 1993 Manuel Carreiras na wenzake Álvarez na de Vega walitoa majaribio ya Kihispania. Zoezi lenyewe rahisi, herufi zinatokea kwenye skrini unabonyeza kitufe kusema ni neno la kweli au zimepangwa tu. Maneno yenye silabi zinazotumika sana yakachukua muda MREFU zaidi. Hii inashangaza kwa sababu kwenye kusoma kilichozoeleka ndicho kinachoenda haraka, neno la kila siku tunalitambua upesi kuliko neno adimu, sasa iweje silabi ya kila siku icheleweshe mtu? Chukua ca, Kihispania kimejaa casa, cara, cama, calle, camino. Halafu chukua yu ya yuca, yaani muhogo, ambayo haina wenzake wengi hivyo. Maelezo yao ni kwamba silabi ya kwanza inaamsha maneno yote yanayoanza nayo, halafu yanagombana mpaka moja lishinde. Ita "Juma!" Kariakoo uone wangapi watageuka.

Wapinzani nao si watu wa kubeza. Mark Seidenberg mwaka 1987 alisema silabi kichwani hazihitajiki, jozi za herufi zinatosha. Kwenye vodka, d na k ni nadra kukaa pamoja, kwa hiyo msomaji anahisi ufa pale, na ufa unaangukia mpakani mwa silabi kwa vile ndivyo lugha zinavyoandikwa. Kiingereza nacho kinawabeba, Macizo na Van Petten 2007 walikuta silabi iliyozoeleka inaharakisha badala ya kuchelewesha. Ukiongeza kwamba tunabishania vipande vidogo vya sekunde, na kubonyeza kitufe si kusoma gazeti, unaelewa kwa nini wengi hawajashawishika.

Ila hoja ya jozi za herufi ina tatizo moja ambalo sijaona likijibiwa vizuri. Kama silabi ni kivuli tu cha herufi zinazozoeana, basi zote mbili zingesukuma upande mmoja. Markus Conrad na wenzake walizitenganisha kwenye Kihispania mwaka 2009: jozi za herufi zilizozoeleka ziliharakisha, silabi zilizozoeleka zikachelewesha. Kivuli kinaendaje kinyume na mwenye nacho? Na kuna lile jaribio la 2004 la Álvarez, Carreiras na Perea, ukiwamulikia watu neno la kubuni birel kwa muda mfupi sana kabla ya VIRUS inawasaidia kulitambua kama ungewamulikia virel, kwa sababu Kihispania b na v sauti ni moja. Herufi zimebadilika, silabi ya kusikika imebaki, msaada umebaki.

Sasa kitu ambacho mimi siwezi kukiacha ni matokeo ya 2008, hao hao akina Conrad. "Silabi inatumika sana" ina maana mbili. Moja, kuna maneno mangapi tofauti yanayoanza nayo. Ya pili, ukijumlisha mara zote maneno hayo yanavyotokea kwenye maandishi unapata ngapi. Watu walikuwa wanazichanganya. Zilipotenganishwa, wingi wa maneno tofauti uliharakisha, jumla ya kutokea ikachelewesha! Maana yake shida si wingi wa akina Juma, shida ni yule Juma mmoja maarufu anayeitika kabla ya yule unayemwita. Ndiyo maana sishtuki sana tafiti mbili zikigongana, kwanza nataka kujua walihesabu nini.

Na hapa ndipo Kibaski, lugha ya Wabaski wa kaskazini mwa Hispania na jirani zao wa Ufaransa, kinapokuwa mtihani wa kweli, maana Kibaski kinabandika viambishi mwishoni. Mendi ni mlima, halafu una mendia, mendian, mendira, menditik, mendiko, huo mlima mmoja umeshakuwa nusu dazeni ya maandishi. Ukihesabu kila umbo kama neno tofauti, silabi men inaonekana ina familia kubwa, ukihesabu shina inabaki neno moja. Mtafiti Jon Andoni Duñabeitia na wenzake walipotengeneza Syllabarium mwaka 2010, programu ya mtandaoni inayotoa hesabu za silabi za Kibaski na Kihispania, waliweka hesabu zote mbili, maneno tofauti na jumla, na mimi naona huo ndio mchango mkubwa kuliko hata majaribio mengine mengi. Tena mtu wa San Sebastián, mji wa Wabaski huko Hispania, mara nyingi ana lugha zote mbili kichwani, men ikitokea inaamsha mendi ya Kibaski na mente (akili) na mensaje (ujumbe) za Kihispania kwa mkupuo.

Dosari ya Syllabarium ni kwamba inahesabu silabi za maandishi. Kwa jaribio la birel, ba na va za Kihispania zingepaswa kuwekwa kapu moja, na ka ya neno la Kibaski "kale" ingekutana na ca ya calle ya Kihispania, zote mbili barabara ya mtaani, sauti ile ile ya mwanzo. Hapo wapinzani wana haki ya kuuliza tunapima sauti au herufi.

Kwa Kiswahili mambo yangekuwa magumu zaidi kwa sababu viambishi vyetu vingi vinakaa mbele, pale pale ugomvi unapoanzia. Wa ya watoto na walikuja ni kiambishi, wa ya waziri ni sehemu ya shina, na anayetaka kujaribu kwetu itabidi aamue kwanza kama anazijumlisha.