Ajabu Nayo Ina Kwao

Ukinitumia jambo la ajabu ulilolikuta mtandaoni, swali langu la kwanza ni moja: limetoka wapi? Wengine huona nawaharibia utamu. Lakini mimi nazipenda mno ajabu hizi, na kila nikifuata asili yake nakuta kilichoachwa nyuma ndicho kitamu zaidi.

Tazama klipu za kima punju wakila makaa. Zinafika kwenye magrupu zimeandikwa "nyani wa Afrika", watu wanacheka, mwengine anaapa kuwa ni kazi ya kompyuta. Ni kweli tupu, na ni mambo ya kwetu! Asili ya kima hawa ni Unguja, mahali pengine popote duniani hawana asili. Wanaoishi mashambani karibu na msitu wa Jozani hula majani ya mikungu na miembe. Majani hayo yana protini nyingi, lakini yana pia fenoli, kemikali zinazolisumbua tumbo. Makaa huzinasa fenoli, protini ikabaki. Ndiyo maana kima huyavizia matanuri yaliyozimwa, wakati mwengine hata makaa ya jikoni, na watoto wao hujifunza kwa mama zao. Watafiti waliyaandika haya tangu miaka ya 1990. Basi anayefuta jina la Jozani akaandika "Afrika" ametupunguzia nini? Ametunyang'anya mnyama wetu, msitu wetu na maarifa yote yaliyomo ndani yake.

Kuna ajabu nyengine inayoniuma zaidi: vita vya Zanzibar na Waingereza vya tarehe 27 Agosti 1896, vinavyotumwa kila mara kwa vicheko kuwa ndivyo vita vifupi kuliko vyote duniani. Ni kweli havikufika hata saa moja. Manowari za Waingereza zilianza kupiga saa tatu asubuhi, kwa kuwa Sayyid Khalid bin Barghash, aliyejitwalia usultani, alikataa kutoka katika kasri. Upande wa Zanzibar, waliouawa na kujeruhiwa walikuwa kama 500. Ukitaja dakika, taja na watu.

Na yule bwana wa kilemba, mwenye ndevu na macho makali, ambaye picha yake hutumwa kama "mfanyabiashara wa Kiarabu"? Huyo ni Ahmad bin Naaman, mjumbe wa Sayyid Said, Sultani wa Zanzibar. Mwaka 1840 alifika New York na meli ya Sultana, imesheheni karafuu, pembe za ndovu, tende na ngozi. Mchoraji Edward Mooney akamchora huko huko, na mchoro umehifadhiwa katika makumbusho ya Peabody Essex, mjini Salem, Marekani. Kijana wa Malindi ya Unguja akiyajua haya, ataitazama bandari yake kwa jicho jengine.

Kwa hiyo nashikilia, hata kama nitaitwa mchoshi: chini ya kila ajabu tuandike mstari mmoja tu, nani, wapi, lini. Usipojua, uliza hapo hapo kwenye grupu. Katika grupu letu huwa hapakosi mzee aliyefanya kazi bandarini au aliyesomesha skuli miaka mingi, amenyamaza tu kwa sababu hakuna aliyemuuliza. Mimi siku hizi nikipata picha ya kale ya Forodhani, naituma kwa wazee kwanza.