Kupunguza uzito: nusu kilo kwa wiki ni ahadi au ni kikomo?

Ushauri unaosikika kuliko wote kuhusu kupunguza uzito ni wa nusu kilo hadi kilo moja kwa wiki. Huduma ya afya ya taifa ya Uingereza, NHS, huutoa, na CDC, taasisi ya Marekani ya kudhibiti magonjwa, husema karibu vilevile kwa kipimo cha ratili. Kama kinga dhidi ya pupa, sina ugomvi na ushauri huo. Ugomvi wangu ni na kinachofuata baada ya mtu kuusikia. Anachukua kalenda, anazidisha nusu kilo kwa wiki 52, anapata kilo 26, kisha anaanza kujiona akiwa mtu mwingine mwaka kesho. Mwezi wa tano mizani inagoma, naye anaamua kwamba mwili wake una hitilafu au yeye mwenyewe hana msimamo. Mara nyingi mwili hauna hitilafu yoyote. Alichukua kasi ya wiki za mwanzo akaifanya kasi ya mwaka mzima.

Hesabu hiyo ina asili yake. Mwaka 1958 daktari wa Marekani, Max Wishnofsky, alikokotoa kwamba ratili moja ya uzito wa mwili ni sawa na kalori 3,500, yaani takriban kalori 7,700 kwa kilo. Ukila pungufu ya kalori 500 kwa siku, wiki ikiisha umeshuka karibu nusu kilo. Kwa muda mfupi hesabu haiko mbali sana na ukweli. Ukiivuta mbele, inachekesha: mtu wa kilo 90 anayepunguza kalori 500 kila siku angetoweka kabisa kabla ya kutimiza miaka minne.

Kinachosahaulika ni kwamba mwili mdogo hutumia kidogo. Aliyekuwa na kilo 100 akashuka hadi 88 ana mzigo mwepesi zaidi wa kubeba kila anaposimama, anapotembea, hata anapolala. Pengo la kalori 500 alilokuwa nalo mwanzoni linazidi kupungua ingawa sahani yake ni ileile. Juu ya hapo mwili hubana matumizi zaidi ya tunavyotarajia kwa uzito uliopungua, na njaa huongezeka. Mwaka 2011 mtafiti Kevin Hall na wenzake walichapisha katika jarida la Lancet hesabu inayozingatia mabadiliko hayo. Kwa mtu mzima mwenye uzito uliozidi, kila kalori 24 anazopunguza kwa siku, na kuendelea kuzipunguza, hatimaye humshusha kilo moja. Nusu ya upungufu huo huonekana ndani ya mwaka mmoja, na asilimia 95 ndani ya miaka mitatu hivi.

Tuirudie mifano yetu kwa kipimo hicho. Kalori 500 kwa siku zitamletea mtu upungufu wa kilo 21 kwa jumla. Mwaka wa kwanza atapata kama kilo 10 na nusu, ilhali hesabu ya 1958 ilimwahidi karibu 24. Gawanya hizo 10 na nusu kwa wiki 52 upate gramu 200 kwa wiki. Na huyo ni mtu ambaye hakuteleza hata siku moja, jambo ambalo sijui kama kuna binadamu aliyeliweza.

Anayeona namba hii ni ya kukatisha tamaa aitazame kwa jicho la dawa. Semaglutaidi ni miongoni mwa dawa zilizotikisa tiba ya unene, kwa sababu hutuliza hamu ya kula. Katika utafiti mkubwa uliochapishwa mwaka 2021, walioitumia walipungua wastani wa kilo 15 hivi kwa wiki 68, wakianzia kwenye uzito wa takriban kilo 105. Hiyo ni kama gramu 225 kwa wiki. Ni kweli kwamba dozi yake hupandishwa polepole na kwamba miezi ya mwisho uzito huwa umeshaanza kutulia, kwa hiyo kati ya hapo walikuwa wakishuka kwa kasi zaidi. Bado, kama watu waliosaidiwa kuzima njaa walifika hapo, sioni ni kwa haki gani tumdai zaidi anayepambana na njaa yake mwenyewe.

Wiki ya kwanza ndiyo inayotupotosha. Mwili huhifadhi wanga kwenye ini na misuli kwa umbo la glikojeni, na kila gramu ya glikojeni hukaa na kama gramu tatu za maji. Ukipunguza chakula, hasa wanga, akiba hiyo hutumika na maji yake hutoka. Chumvi ikipungua, maji mengine hufuata. Mizani inaweza kushuka kilo mbili au tatu huku mafuta yaliyoyeyuka hayafiki kilo. Wauzaji wa njia za mkato wanaijua siri hii vizuri. Ndiyo inayowawezesha kutangaza "kilo tano kwa siku saba" bila haya. Kilo tano za mafuta zingehitaji upungufu wa takriban kalori 38,500 kwa wiki, yaani 5,500 kwa siku. Watu wazima wengi hawatumii hata nusu ya hizo kwa siku nzima, kwa hiyo hata wasipotia kitu mdomoni hawawezi kufika. Na siku watakapokula wanga wa kutosha tena, maji yatarudi, nao watadhani wamenenepa usiku mmoja.

Hayo ni ya kasi ambayo mwili unaimudu. Mabishano makali zaidi ni kuhusu kasi ya kuchagua: pole au haraka?

Wanaotetea mwendo wa pole wana methali yao tayari, kwamba haraka haraka haina baraka, na wana hoja nzito pia. Anayepungua zaidi ya kilo moja na nusu kwa wiki hujiongezea uwezekano wa kupata vijiwe vya nyongo. Mlo mdogo kupita kiasi unaweza kukosa madini na vitamini. Sehemu ya kilo zinazoondoka ni misuli, na sehemu hiyo huelekea kuwa kubwa zaidi mtu anapojinyima sana bila protini ya kutosha wala mazoezi ya kunyanyua vitu vizito. Kisha kuna njaa yenyewe. Mwaka 1945, huko Minnesota, Marekani, mtafiti Ancel Keys aliwalisha vijana 36 wa kujitolea karibu kalori 1,570 kwa siku kwa wiki 24. Walipoteza takriban robo ya uzito wao. Pamoja na uzito huo walipoteza furaha na utulivu. Mawazo yao yakajaa chakula, na waliporuhusiwa kula tena kwa uhuru baadhi yao walikula kwa wingi wa kutisha. Vijana wale hawakuwa wanene, kwa hiyo si haki kuwafanya kioo cha kila mtu. Lakini anayetaka kujua kujinyima kwa muda mrefu kunamfanyia nini binadamu atajifunza mengi kwao.

Upande wa pili nao una methali yake: ngoja ngoja huumiza matumbo. Kwa miaka mingi upande huu ulipuuzwa kwa sentensi moja, kwamba kinachopungua haraka hurudi haraka. Watafiti wa Melbourne waliamua kuipima sentensi hiyo. Waliwagawa watu 200 wenye unene makundi mawili, moja lipungue kwa wiki 12 kwa mlo mdogo sana, lingine kwa wiki 36 kwa kupunguza kalori kiasi. Matokeo yalichapishwa mwaka 2014. Katika kundi la haraka, asilimia 81 walifikia lengo la kupungua angalau asilimia 12.5 ya uzito wao. Katika kundi la pole, asilimia 50. Waliofanikiwa wakafuatiliwa kwa wiki 144 zaidi. Makundi yote mawili yalirudisha kama asilimia 71 ya kilo walizopoteza. Wa haraka na wa pole waliangukia shimo lilelile.

Utafiti wa DiRECT wa Uingereza uliipa hoja hiyo uzito wa kitabibu. Watu wenye kisukari cha aina ya 2 walilishwa kalori 825 hadi 853 kwa siku kwa miezi mitatu hadi mitano. Baada ya mwaka, asilimia 46 walikuwa na sukari iliyoshuka chini ya kiwango cha kisukari bila dawa, dhidi ya asilimia 4 ya waliopata huduma ya kawaida. Kwa waliopungua kilo 15 au zaidi ilikuwa asilimia 86. Kumwambia mgonjwa wa aina hiyo aende gramu 200 kwa wiki kwa sababu haraka haina baraka kunaweza kuwa kumnyima nafasi.

Kwangu mimi, watetezi wa mwendo wa pole wanashinda kwenye usalama na wanashindwa kwenye lile dai lao maarufu. Lakini ushindi wa haraka una masharti ambayo husahaulika habari inapofika mtaani. Washiriki wa DiRECT hawakujifungia chumbani na maji ya limau. Walipewa vyakula maalumu vyenye virutubisho vyote, walifuatiliwa na wahudumu waliofunzwa, na dawa zao za kisukari na za presha zilisimamishwa kwa mpango. Mtu anayetumia insulini akikata chakula kwa ghafla bila daktari kurekebisha dozi, sukari yake inaweza kushuka hadi kumhatarisha maisha. Wajawazito, wanaonyonyesha, watoto, na yeyote aliyewahi kuugua maradhi ya kujinyima au kufakamia chakula hawapaswi kabisa kuufuata mlo wa namna hiyo kwa kujiamulia.

Matarajio makubwa yenyewe, je, yana madhara? Hapa ushahidi unavutana. Mwaka 1997 Gary Foster na wenzake waliwauliza wanawake 60 wenye unene wangependa kupungua kiasi gani. Lengo lao lilikuwa wastani wa asilimia 32 ya uzito wao. Kupungua kilo 17 walikuita matokeo ya kusikitisha. Baada ya wiki 48 za matibabu walikuwa wamepungua wastani wa kilo 16, mafanikio makubwa kwa kipimo chochote, na karibu nusu yao hawakufika hata hapo walipopaita pa kusikitisha. Utafiti wa Italia wa mwaka 2005 ulionyesha kwamba wenye matarajio makubwa zaidi ndio walioelekea kuacha matibabu mapema. Kwa upande mwingine, kundi la wanasayansi lilipopitia ushahidi katika jarida la tiba la New England mwaka 2013, liliiweka imani kwamba malengo makubwa huharibu matokeo kwenye orodha ya imani potofu zinazopingwa na ushahidi. Kuna wanaolenga juu na wakapungua zaidi. Naamini kuna tofauti kati ya kulenga mbali na kujipangia tarehe. Anayetaka kilo 25 bila kujali ni lini anaweza kuvumilia miezi ambayo hakuna kinachotokea. Aliyeahidi kilo 25 kabla ya harusi ana mtihani kila Jumatatu asubuhi.

Na miezi ambayo hakuna kinachotokea itakuja. Sehemu ni ule mwili unaobana matumizi. Sehemu nyingine ni vijiko vinavyojaa zaidi kidogo kuliko mwanzo bila mlaji kutambua. Mwaka 1992 watafiti wa New York waliwapima watu waliodai kwamba wanakula chini ya kalori 1,200 na hawapungui. Umetaboli wao, yaani namna mwili unavyotumia nishati, ulikuwa wa kawaida; walichokuwa wakikosea ni makadirio, kwani waliripoti karibu nusu tu ya walichokula, na mazoezi waliyahesabu kwa nusu zaidi ya waliyoyafanya. Nisingewaita waongo. Kukadiria chakula kwa macho ni kazi ngumu hata kwa wataalamu.

Kabla ya kujilaumu, inafaa pia kuhakikisha kama uzito kweli umesimama. Kilo moja au mbili hupanda na kushuka kwa siku kwa sababu ya maji, chumvi na choo tu. Kwa wanawake wengi hedhi huongeza maji ya siku kadhaa, kwa hiyo kulinganisha wiki hii na wiki ileile ya mzunguko uliopita kunaeleza zaidi kuliko kulinganisha na wiki jana. Wastani wa siku saba ni shahidi bora kuliko asubuhi moja, na kiuno wakati mwingine hupungua mizani ikiwa imenyamaza.

Basi mtu atarajie nini? Asilimia 5 hadi 10 ya uzito wa mwanzo ndani ya miezi sita hivi ni matokeo mazuri kwa mlo peke yake. Mwenye kilo nyingi za ziada atashuka haraka zaidi mwanzoni kuliko mwenye kilo tano tu za kuondoa. Asilimia hizo zinaonekana ndogo mpaka uangalie zinachofanya. Katika mpango wa Marekani wa kuzuia kisukari, uliotoa matokeo yake mwaka 2002, watu waliokuwa ukingoni mwa ugonjwa huo walilenga kupungua asilimia 7 na kufanya mazoezi. Upungufu wao wa wastani katika miaka ya ufuatiliaji, takriban mitatu, ulikuwa kilo 5.6 tu. Uwezekano wao wa kupata kisukari ulipungua kwa asilimia 58.

Hesabu ya Hall ina upande mwingine ambao huzungumzwa mara chache. Kama kalori 24 zinalingana na kilo moja, aliyepungua kilo 10 anatakiwa aendelee kula pungufu ya takriban kalori 240 kwa siku kuliko alivyokula zamani, si kwa wiki 12 wala 36, bali kwa muda wote anaotaka kubaki hapo. Utafiti mwingine wa Melbourne, wa mwaka 2011, ulikuta kwamba homoni za njaa bado hazijarudi kama zamani mwaka mmoja baada ya watu kupungua, kwa hiyo hizo 240 hazitakuwa rahisi. Anayejipangia kasi angeanza hapo: mlo upi, ukiondolewa kalori hizo, ataweza kuula pia mwaka wa nne, siku za wageni na siku za uchovu. Akishaupata, kama ataufikia kwa miezi mitatu chini ya daktari au kwa mwaka mzima peke yake ni suala la afya yake na uvumilivu wake.