Kesi Umeipata, Lakini Bado Ina Uhai?

Zile hoja za maandishi zimezunguka tena wiki hii kwenye makundi ya WhatsApp ya wanasheria wa Kanda ya Ziwa. Ni za maombi ya kibali cha kukata rufaa kwenda Mahakama ya Rufani, kurasa tisa, zinatoka simu hadi simu. Kila anayezipokea anabadilisha majina ya wadaawa na namba ya shauri, anaandika Masjala Ndogo ya Mwanza juu kabisa, basi. Kesi zilizorejewa hazibadiliki: zote zimesimama juu ya kifungu cha 5(1)(c) cha Sheria ya Mamlaka ya Rufani, Sura ya 141, kilichotaka kibali hicho. Ni kesi za kweli, hakuna ya kubuni. Ukiandika namba zake TanzLII, kanzidata ya mtandaoni ya hukumu na sheria za Tanzania, zinatokea, bure. Na hakuna hata moja inayoweza kumfaa mwombaji wa leo, kwa sababu sharti hilo la kibali kwenye mashauri ya madai liliondolewa na Sheria Na. 11 ya 2023, kuanzia Desemba 1, 2023.

Hili linaniuma kuliko kesi ya uongo. Kesi ya uongo ukiitafuta huioni, mchezo umeisha. Kesi hizi ukizitafuta unaziona, unazifungua, unamwona jaji, unaona muhuri, unaona kila neno ulilokuwa unalitaka, na moyo unatulia. Hakuna mahakama iliyozitengua. Hakuna alama yoyote kwenye ukurasa inayokuonya. Siku zilipotolewa zilikuwa sahihi kabisa. Bunge ndilo lililobadilisha sheria iliyozibeba, na kanzidata ya hukumu haina namna ya kukupigia simu kukwambia hivyo. Andika leo maneno "leave to appeal" kwenye sanduku la kutafutia, bila kuchuja chochote, uone lundo litakalokujia. Sehemu kubwa ya lundo hilo ni ya kabla ya Desemba 2023.

Na gharama yake haimwangukii wakili. Mchukue mteja anayetoka Nansio, kisiwani Ukerewe. Anapanda meli, safari ya saa tatu hivi, kuja mjini, analala gesti, analipa steshenari kuchapa na kudurufu, anasubiri maombi ya kibali ambacho sheria haikitaki tena. Wakati huo saa ya Kanuni za Mahakama ya Rufani inakwenda: notisi ya rufaa ndani ya siku 30 tangu uamuzi, kwa kanuni ya 83, na rufaa yenyewe ndani ya siku 60 tangu notisi iwasilishwe, kwa kanuni ya 90, isipokuwa kama aliomba mwenendo wa shauri kwa maandishi ndani ya siku 30 na kumpa nakala ya barua mpinzani wake. Barua hiyo ndiyo inayomwokoa, maana siku za kuandaa mwenendo hazihesabiwi. Aliyekuwa anakimbiza kibali mara nyingi hata barua hakuandika. Maombi yanaondolewa mahakamani, siku 60 zimepita, sasa anaanza maombi mengine ya kuongezewa muda.

Upande wa pili wapo waliosikia kwamba "kibali kimefutwa" wakaishia hapo. Shauri lililoanzia Mahakama ya Mwanzo, kwa mfano mirathi ya kimila kutoka Sengerema au Magu, bado linahitaji hati ya Mahakama Kuu kuthibitisha kwamba kuna hoja ya kisheria kabla halijafika Mahakama ya Rufani. Sharti hilo lilikuwa kwenye kifungu cha 5(2)(c), na Sheria Na. 11 haikuligusa. Usomapo sheria ya marekebisho, soma kifungu chenyewe neno kwa neno, kisha fungua sheria mama pembeni uone ni mstari upi umeondoka na upi umebaki. Kichwa cha habari cha marekebisho hakitoshi.

Kwa hiyo, ukiniuliza kazi ya kutafuta inaishia wapi, nitasema inaishia pale unapojua kilichoipata kesi baada ya siku iliyotolewa. Kuipata ni nusu, tena nusu nyepesi.

Hata hiyo nusu nyepesi watu wanaikosea. Kosa la kwanza ni mwaka. Kesi ya umri wa ndoa, Mwanasheria Mkuu dhidi ya Rebeca Gyumi, ni Rufaa ya Madai Na. 204 ya 2017, lakini hukumu ilisomwa Oktoba 23, 2019. Kwenye kanzidata imepangwa chini ya 2019. Ukichuja kwa 2017 utaapa kwamba haipo. Kosa la pili ni kuchanganya namba ya shauri na namba ya rejea. Ile yenye mwaka kwenye mabano ya mraba, halafu TZCA (Mahakama ya Rufani) au TZHC (Mahakama Kuu), halafu tarakimu, hutolewa hukumu inapochapishwa. Haina uhusiano na namba ya rufaa. Zimeonekana hoja zinazoandika "Rufaa ya Madai Na." kisha tarakimu za TZCA. Jaji akiitafuta hiyo rufaa kwenye jalada lake hataiona, na kuanzia hapo anasoma hoja zako zote kwa mashaka.

La tatu ni tahajia. Rebeca wa kesi hiyo ana c moja; ukiandika mbili unaweza kuikosa. Ile kesi mashuhuri ya hapa hapa Mahakama Kuu Mwanza, Ephrahim dhidi ya Pastory, utaikuta Ephraim, utaikuta Epharahim, na jina la kwanza la mama Pastory linaandikwa kwa namna zaidi ya moja. Tumia namba: Rufaa ya Madai (PC, yaani iliyoanzia Mahakama ya Mwanzo) Na. 70 ya 1989. Namba ikigoma, tafuta jina moja tu lisilo la kawaida, kisha chuja kwa mahakama na mwaka. Ikigoma hiyo pia, jua kwamba hukumu nyingi za zamani ni karatasi zilizopigwa picha. Programu inayosoma maandishi kwenye picha huona herufi l ikadhani ni 1, na neno lililokatwa mwisho wa mstari huliona kama maneno mawili. Hapo acha kutafuta sentensi ndefu ndani ya alama za kunukuu. Chukua maneno mawili tu yanayokaa pamoja.

Halafu lugha. Tangu marekebisho ya Sheria Na. 1 ya 2021, Kiswahili ndicho lugha ya mahakama, na Kiingereza kinatumika kwa masharti yaliyowekwa mwaka 2022. Maana yake ni kwamba hoja moja ya sheria sasa imetawanyika katika lugha mbili. Aliyetafuta "extension of time" peke yake amekosa hukumu zinazosema "kuongezewa muda", na zinazosema "kuongeza muda", na zinazosema "nje ya muda". Tafuta mara tatu au nne. Ni dakika kumi. Majaji wa Mahakama Kuu wanaandika Kiswahili kizuri siku hizi, na inasikitisha hukumu hizo kukaa bila kunukuliwa kwa sababu tu mawakili wanatafuta kwa Kiingereza.

Nirudi Ephrahim, maana hapa ndipo ugonjwa ninaousema unaonekana vizuri. Holaria Pastory alirithi shamba la ukoo kutoka kwa baba yake kwa wosia, Uhayani, akaliuza mwaka 1988 kwa shilingi 300,000 kwa mtu asiye wa ukoo. Mpwa wake akaenda mahakamani. Februari 1990 Jaji Mwalusanya, akiwa Mwanza, akasema mila inayomzuia mwanamke kuuza ardhi ya ukoo huku mwanamume akiruhusiwa inapingana na Katiba, na kwamba masharti ya kuuza yawe sawa kwa wote. Hukumu nzuri, ya kishujaa, inastahili heshima yote inayopewa. Lakini hoja nyingi za mirathi zinainukuu kana kwamba ilifuta kanuni zote za urithi wa kimila. Haikufanya hivyo. Ilikuwa ni suala la kuuza.

Aliyeishia 1990 hajui kwamba wajane wawili kutoka mkoa wa Shinyanga, Wasukuma, waliofukuzwa na wakwe baada ya waume zao kufariki, walikwenda Mahakama Kuu kupinga kanuni za urithi zilizo kwenye Tangazo la Serikali Na. 436 la 1963. Mwaka 2006 mahakama ilikiri kwamba kanuni zina ubaguzi, ikakataa kuzifuta. Mwaka 2010 Mahakama ya Rufani haikufika kwenye kiini cha shauri. Rufaa ilikwama kwa kasoro ya tarehe kwenye amri ya Mahakama Kuu. Mwaka 2015 Kamati ya Umoja wa Mataifa inayosimamia mkataba wa kuondoa ubaguzi dhidi ya wanawake ikaamua kwamba Tanzania imekiuka haki zao: shauri la E.S. na S.C., Na. 48/2013. Uamuzi huo uko kwenye kanzidata ya Umoja wa Mataifa ya mashauri ya haki za binadamu, na majina yamefichwa kwa herufi, kwa hiyo ukitafuta kwa majina yaliyo kwenye jalada la hapa nchini huupati. Fikiria wakili anayemtetea mjane wa Kisukuma pale Misungwi akiwa na Ephrahim peke yake mkononi. Mpinzani akisimama na uamuzi wa 2006, atajibu nini?

Njia ya kuepuka aibu hiyo haina uchawi. Fungua hukumu, shuka mpaka mwisho, soma amri kwanza: rufaa imekubaliwa, imetupwa, au imeondolewa? Sentensi tamu uliyoinukuu inaweza kuwa ni ya wakili aliyeshindwa, jaji akiirudia kabla ya kuikataa. Kisha tazama orodha ya nyaraka zilizoitaja hukumu hiyo, na fungua kwanza zile za Mahakama ya Rufani, kuanzia mpya. Usiitegemee orodha hiyo peke yake, kwa sababu mfumo huunganisha tu pale unapoitambua rejea. Aliyeiandika kwa tahajia mbovu hakuunganishwa. Kwa hiyo tafuta pia jina la kesi ndani ya alama za kunukuu kama maneno ya kawaida. Mwisho, andika kwenye karatasi tarehe ya hukumu na sheria iliyotafsiriwa, halafu tafuta sheria zote za marekebisho zilizopitishwa baada ya tarehe hiyo. Zile za "Marekebisho ya Sheria Mbalimbali" ndizo zinazowaponza watu, kwa sababu jina halikwambii kilichomo. Mabaraza ya Kata yalipoondolewa mamlaka ya kuamua migogoro ya ardhi na kubakiziwa usuluhishi, yaliondolewa ndani ya sheria ya namna hiyo, Na. 5 ya 2021.

Zaidi ya hapo kuna Toleo la Urekebu la 2023, lililoanza kutumika Julai 1, 2025. Vifungu vingi vimepewa namba mpya. Namba nilizotaja juu ni za kabla ya toleo hilo. Ukinukuu hukumu ya 2022, andika kifungu kama hukumu ilivyokiita, kisha taja namba yake ya sasa. Fungua matoleo yote mawili na ulinganishe maneno. Usikisie kwa kuhesabu vidole.

Nakubali, kwa shingo upande, kwamba TanzLII haina kila kitu. Kuna hukumu za miaka ya sabini utakazozipata kwenye vitabu tu, High Court Digest (HCD) au Tanzania Law Reports (TLR), na mtu wa maktaba anayejua rafu zake bado anaishinda mashine. Kanuni ndogo nazo zinasumbua: Kanuni za Uvuvi ni Tangazo la Serikali Na. 308 la 2009, lakini zimerekebishwa, na anayemtetea mvuvi wa Igombe kwa nakala ya 2009 tu amemfunga mikono. Gazeti la Serikali lenyewe ndilo la kutafuta, Gazettes.Africa lina nakala nyingi. Kenya Law na ULII, kanzidata za hukumu za Kenya na Uganda, ni hazina, ila hukumu za Kisumu au Entebbe zinashawishi tu, hazimfungi jaji wetu.

Makala za majarida: usilipe. Anza na AJOL, tovuti ya majarida ya Afrika, kisha jarida la haki za binadamu la Pretoria ambalo liko wazi, kisha SSRN, hazina ya makala za watafiti, kwa jina la mwandishi. Mwanafunzi wa SAUT Malimbe au chuo kingine amuulize mkutubi kama chuo kimesajiliwa GOALI, mpango wa kuzipa taasisi machapisho ya sheria, kwa sababu HeinOnline na kanzidata nyingine za kulipia zinaweza kufunguka kupitia hapo, na usajili ni wa taasisi, si wa mtu mmoja. Google Scholar inafaa kwa makala. Sehemu yake ya kesi ni ya mahakama za Marekani.

Kuhusu programu za akili mnemba, somo la New York la 2023, Mata dhidi ya Avianca, linatosha: mawakili walinukuu kesi za kubuni zilizotungwa na programu, wakapigwa faini ya dola 5,000.

Asubuhi ya kusikilizwa, kabla hujatoka nyumbani, itafute kesi yako kuu mara moja zaidi. PDF iwe imeshapakuliwa kwenye simu, maana mtandao hukata wakati usiotakiwa. Chapa nakala tatu: ya mahakama, ya mpinzani, yako, pigia mstari ukurasa unaoutegemea, na andika pembeni tarehe uliyoihakiki. Na zile kurasa tisa, kama ziko kwenye simu yako, zifute leo. Usimtumie mwenzako.