Mwenye majibu aingie kwanza, jamani

Juzi nimempeleka mama mkubwa hospitali moja hapa Dodoma, katoka Mpwapwa na gari ya alfajiri, saa mbili tushamaliza mapokezi. Daktari kamuona fasta, kaandika vipimo, maabara nao hawakuchelewa, saa tano kasoro majibu tunayo mkononi. Tunarudi kwa daktari, nesi anasema "mama, kaa nyuma ya hao". Hao ni wapya kama kumi na tano, ndio kwanza wanaanza! Mama mkubwa hakusema kitu, kaikunja ile karatasi mara nne akaifunga kwenye pindo la khanga.

Kwenye benchi kila mtu analalamika madaktari wachache. Ni wachache kweli, sibishi. Ila hili halihitaji daktari wa pili, linahitaji hesabu ya darasa la nne. Mgonjwa mpya tuseme anakula dakika 15, mwenye majibu anaandikiwa dawa dakika 2. Chukua wenye majibu watatu na mpya mmoja. Ukimtanguliza mpya wanatoka dakika ya 15, 17, 19 na 21, jumlisha unapata 72. Ukianza na wenye majibu ni 2, 4, 6 na 21, jumla 33. Daktari yule yule, dakika zake zile zile 21! Kwa mhudumu mmoja, kumaliza kwanza aliyebakiza kazi ndogo mtaalamu wa hesabu za foleni, Schrage, alishathibitisha 1968 ndio kunapunguza kusubiri, sisi bado tunaambiwa kaa nyuma ya hao.

Na dirisha la dawa? Asubuhi nzima tupu, dada wa watu anachezea simu, sio kosa lake, wateja wake wote tumekwama kwa daktari, halafu saa tisa tukammwagikia kwa mpigo. Rybko na Stolyar, nao watu wa hesabu za foleni, walionyesha 1992 kwamba kila kituo kinaweza kuwa na uwezo wa kutosha na bado mpangilio mbovu wa nani atangulie ukafanya foleni zikue tu bila kikomo.

Eti mpya anaweza kuwa mahututi. Haya, mahututi apite, nani kakataa? Nawasema hawa waliokuwa wanatafuna karanga.

Zamu yetu ilipofika daktari kakunjua karatasi, kasoma, kaandika dawa, kiti hata hakijapata joto. Nilikuwa natazama saa: dakika moja na nusu. Gari ya Mpwapwa ilishaondoka, mama mkubwa kalala kwangu.