Usiku wa Fataki, Mfungulieni Mbwa Mnyororo

Hapa Lubumbashi mbwa wengi hufugwa ili walinde kiwanja, na kwa sababu hiyo tumezoea kuwafunga mnyororo mchana kutwa na kuwafungulia usiku, wageni wakishaondoka na lango likishafungwa. Jioni ya tarehe 30 Juni, sikukuu ya uhuru wetu, na usiku wa Bonane, yaani mwaka mpya, mazoea hayo hugeuka kuwa hatari, kwa kuwa wageni hukaa uani hadi usiku wa manane, mbwa hubaki amefungwa, na fataki hulipuka juu ya mabati yetu akiwa hana pa kukimbilia.

Nayaandika haya kwa uchungu. Miaka kadhaa iliyopita, tulipokuwa tukiishi Katuba, tulikwenda kanisani kwenye mkesha wa mwaka mpya tukamwacha mbwa wetu amefungwa chini ya mwembe. Tuliporudi tulimkuta ameuzunguka mti mara nyingi hata mnyororo ukamkaba shingo, na kucha zake zilikuwa zinatoka damu kwa kuchimba udongo. Alipona, lakini tangu usiku ule hata ngurumo za mvua, ambazo mwezi wa Desemba hazikosi kwetu, zilimfanya atetemeke na kujikojolea. Mama alisema mbwa mwoga hafai kulinda nyumba. Mimi naamini ni sisi tuliomwingiza woga huo.

Sikio la mwanadamu hukomea kwenye sauti nyembamba za hezi 20,000 hivi, yaani mitetemo 20,000 kwa sekunde, ilhali la mbwa hufika karibu hezi 45,000 na la paka hupita 60,000. Zaidi ya hayo, mnyama hajui kwamba ni sikukuu, wala hawezi kukisia mlipuko unaofuata utatoka wapi.

Najua jibu la wengi: mbwa ni wa nje. Simwombei kitanda, naomba jikoni au stoo kwa saa chache, madirisha yakiwa yamefungwa, redio ikisema kwa sauti ya kawaida, maji yakiwa karibu, pamoja na nguo kuukuu yenye harufu ya mtu anayemlisha. Apewe bukari yake (ugali) mapema na atembezwe kabla giza halijaingia. Akijificha chini ya meza, asivutwe. Tuliambiwa tangu zamani kwamba kumbembeleza mbwa mwenye hofu ni kumfundisha woga, lakini sivyo. Kukaa naye na kumpapasa hakumdhuru. Kinachodhuru ni kumpa vidonge vya watu: paracetamol, hata kidonge kimoja, inaweza kumuua paka. Anayehitaji dawa ya kumtuliza mnyama wake amwone daktari wa mifugo siku kadhaa kabla ya sikukuu.

Mbwa akitoroka, jambo hilo halihusu tena nyumba moja. Akiwa katika hofu anaweza kumng'ata mtoto anayejaribu kumshika, na kichaa cha mbwa bado kinaua watu nchini Kongo. Chanjo yake itangulie sikukuu. Aliyeng'atwa aoshe jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha aende kituo cha afya siku hiyohiyo, hata kama jeraha ni dogo.

Wanaowasha fataki nao wana wajibu wao. Wawaarifu majirani mapema kuhusu saa watakayoanza, na asubuhi waokote mabaki, kwa sababu mbwa na mbuzi huyatafuna na ndani yake mna kemikali, zikiwamo chumvi za madini; rangi ya buluu tunayoishangilia angani hutokana na shaba, madini yaleyale ya mkoa wetu.

Jirani yetu wa upande wa kushoto ameshaniambia kwamba tarehe 30 atawasha zake saa moja na nusu jioni, watoto wake wadogo wapate kuziona. Ifikapo saa moja kamili, mbwa wetu atakuwa jikoni pamoja na mama, na mnyororo utakuwa umetundikwa ukutani.