Mstahiki Meya na sahihi ya mkurugenzi

Safari ya meya wa mji kama Moshi au Iringa huanzia kwenye kata. Anagombea udiwani, anashinda, kisha madiwani wenzake wanampigia kura ndani ya ukumbi mmoja. Mkazi wa kata ya jirani hakuliona jina lake kwenye karatasi ya kura, lakini taka zikirundikana sokoni, wa kwanza kulaumiwa ni huyohuyo.

Lawama hiyo inaniuma, kwa sababu mamlaka yake ni finyu. Anaongoza baraza na kamati ya fedha, lakini afisa masuuli, mwenye sahihi ya malipo, ni mkurugenzi wa halmashauri, anayeteuliwa na Rais. Mwaka 2016 kodi ya majengo ilihamishiwa TRA, yaani Mamlaka ya Mapato Tanzania, na tangu 2021 inakatwa kupitia LUKU, umeme wa kulipia kabla ya kutumia. Kwa mji usio na bandari wala migodi, hilo ni pigo kubwa kwa mapato ya ndani.

Wanaotetea utaratibu huu wana hoja nzito. Diwani ana ndugu, ana wapiga kampeni wake, na viwanja na zabuni ni vitu vinavyotamanisha. Mkurugenzi asiyetegemea kura zao anaweza kusema hapana. Tena, meya aliyechaguliwa na madiwani ana wingi barazani, hivyo bajeti haikwami.

Ila wingi huo una gharama. Ili abaki kitini, meya hulazimika kuwaridhisha wenzake: kalavati huku, darasa kule, kila kata ipate kidogo. Dampo la kisasa au stendi ya mji mzima hukosa mtetezi, maana haina kata. Ndiyo maana simlaumu meya anayekimbilia ubunge. Jafary Michael alitoka umeya wa Moshi akaingia bungeni mwaka 2015. Mbunge ana jukwaa la kitaifa, na bado ni mjumbe wa baraza lilelile la madiwani.

Je, meya achaguliwe na wananchi moja kwa moja? Naelekea kusema ndiyo, ila si kwa kuanzia hapo. Tukimchagua leo, atapata maelfu ya kura na bado atamsubiri mkurugenzi asaini ndipo gari la taka liwekewe mafuta. Baraza lipewe kwanza sauti katika kumwajiri mkurugenzi na kumwondoa. Kura ya meya ifuate.