Msitupe Kichogo kwa Kosa la Waya

"Mama, hiyo tupa tu, nunua flati." Ndilo jibu alilopewa shangazi yangu na muuza duka mmoja hapa Tanga, aliporudi kulalamika kwamba waya aliouziwa wa kuunganisha king'amuzi na televisheni hautoi picha. Nimeshindwa kulimeza jibu hilo, kwa sababu televisheni anayoambiwa aitupe, kichogo, yaani ile ya zamani yenye mgongo mnene, haina ugonjwa wowote: inawaka, sauti yake inafika kwa jirani bila kualikwa, na rangi zake bado zimekolea kuliko za baadhi ya hizo flati za bei ya chee zinazopangwa barazani. Kibovu hapo ni waya, na aliyeuuza anajua hivyo, au ulikuwa wajibu wake kujua.

Waya wenyewe mnaufahamu, maana umejaa madukani. Upande mmoja una kipini bapa cha HDMI, na upande wa pili una vipini vitatu vya duara, cha njano kwa ajili ya picha, cheupe na chekundu kwa ajili ya sauti. Umevingirishwa vizuri ndani ya mfuko wa plastiki, na kwa macho kila kitu kinakubali: HDMI inaingia kwenye king'amuzi, na rangi zinaingia kwenye rangi zake nyuma ya televisheni. Shangazi alichomeka ipasavyo, akabonyeza kitufe cha AV kwenye rimoti, akapata kioo cheusi. Akachomoa, akachomeka upya, akazima na kuwasha king'amuzi, kisha akamwita kijana wa jirani, naye kwa ujuzi wake wote akapata kioo kile kile cheusi. Wangeendelea hivyo mpaka Maulidi wasingeona hata chenga.

Sababu si siri ya mafundi. HDMI inatoa picha ikiwa katika mfumo wa dijitali, yaani mfululizo wa tarakimu zinazopita kwa kasi kubwa sana, ilhali tundu la njano la televisheni ya kichogo linasubiri mawimbi ya umeme ya analojia, yanayopanda na kushuka kufuata mwanga na rangi za picha. Ili cha kwanza kiwe cha pili, ni lazima katikati pawe na chombo cha kugeuza, chenye saketi zake ndani na umeme wake wa volti 5. Waya mtupu hauna saketi, hauna umeme, na haugeuzi chochote. Kuunganisha ncha hizo mbili na kutarajia picha ni sawa na kumwaga mchele mkavu sahanini na kuwakaribisha wageni wali.

Sasa niambieni, mtu anayeuza waya huo kwa mwenye king'amuzi, huku akijua kwamba utamletea kioo cheusi, tumwiteje? Ingekuwa ameuuza mara moja kwa bahati mbaya, ningesema ni uzembe, tukasameheana. Lakini ukutani, juu ya kichwa chake, pamebandikwa lile tangazo letu maarufu: "Mali ikishauzwa hairudishwi." Tangazo hilo likikaa pamoja na waya ule, jambo linaacha kuwa uzembe na kuwa dhuluma, tena dhuluma iliyochagua watu wake, kwa kuwa mwenye uwezo wa kununua flati haji kutafuta waya wa rangi tatu. Anayeutafuta ni mama muuza vitumbua, ni mzee mstaafu wa mkonge, ni mwanafunzi aliyepanga chumba Mikanjuni akarithi kichogo cha kaka yake. Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza kumpotosha mlaji katika biashara, wala haikusema kwamba katazo hilo linaanzia kwenye bidhaa za laki tano kwenda juu.

Kinachonichoma zaidi ni kwamba shangazi hakuhitaji HDMI hata kidogo. Nilipokigeuza king'amuzi chake nilikuta, pembeni ya tundu la HDMI, tundu jingine dogo la duara mfano wa lile la spika za masikioni, limeandikwa AV kwa herufi ambazo macho ya mtu mzima hayazioni bila tochi. Hilo ndilo linalotoa analojia tayari. Linahitaji waya mwenye kipini chembamba cha milimita 3.5 upande mmoja na rangi tatu upande wa pili, na mara nyingi waya huo huja ndani ya boksi la king'amuzi, ukapotelea mikononi mwa watoto. Muuzaji angeuliza swali moja tu, "Mama, king'amuzi chako kina matundu gani nyuma?", shughuli ingeisha palepale.

Hata hivyo, waya huo nao una hila zake. Kipini chake kina mikanda mitatu myeusi inayokigawa sehemu nne, na viwanda havikukubaliana ni sehemu ipi ibebe picha. Waya uliotengenezwa kwa ajili ya kamera za zamani unaweza kuingia vizuri kabisa, ukakupa muungurumo badala ya sauti na kioo kitupu badala ya picha. Mara nyingine dawa yake ni kuhamisha vipini, ukaweka chekundu mahali pa njano, picha ikaja. Mara nyingine hakuna dawa, unatafuta waya mwingine. Na kama televisheni ina matundu mawili tu, la njano na jeupe, msihangaike na chekundu. Hiyo ina sauti ya upande mmoja, na haijapungukiwa na kitu.

Kwa wale ambao chombo chao kweli kina HDMI peke yake, kinachotakiwa ni konvata, kijisanduku kinachoenea kiganjani. Hapo napo mjihadhari, kwa kuwa ziko za aina mbili zinazofanana umbo na mara nyingi hata rangi. Moja imeandikwa HDMI2AV na nyingine AV2HDMI. Ya kwanza inapokea HDMI na kutoa rangi tatu. Ya pili inafanya kinyume chake, na kwa kichogo ni mzigo mtupu. Nimesikia muuzaji akimwambia mteja kwamba "zote ni zilezile." Ubavuni mwa konvata pana kiswichi kidogo cha kusukuma kwa ukucha, chenye maandishi PAL na NTSC. Hiyo ni mifumo miwili ya picha za televisheni. Kiwekeni kwenye PAL, uliotumika kwetu tangu enzi za analojia, kwani baadhi ya televisheni za zamani zikipewa NTSC zitaonyesha picha isiyo na rangi au inayoviringika, kisha fundi atakuja kuwatoza fedha ya kubadilisha vifaa ambavyo havijaharibika.

Wapo watakaosema kwamba zama za televisheni hizi zilipita siku analojia ilipozimwa. Hapana. Makubaliano ya mataifa yaliyofikiwa Geneva mwaka 2006 yaliweka ukomo wa matangazo ya analojia kuwa tarehe 17 Juni 2015, nchi yetu ikatangulia, na mitambo ya analojia ya Tanga ikazimwa tarehe 31 Januari 2013, mwezi mmoja baada ya Dar es Salaam. Kilichobadilika ni namna matangazo yanavyorushwa, na ndiyo maana tukanunua ving'amuzi. Kioo, spika na tundu la njano havikuguswa na makubaliano yoyote. Shangazi huyu ni mtu aliyeufuata kwa redio ubingwa wa mwaka 1988 wa Coastal Union, timu yetu ya mpira ya Tanga, kwa kuwa Tanzania Bara haikuwa na kituo chake cha televisheni hadi mwaka 1994, wakati wenzetu wa Zanzibar walikuwa wanatazama picha za rangi tangu miaka ya 1970. Alisubiri vya kutosha. Leo Wagosi wa Kaya, yaani hao hao Coastal Union, wakicheza, sioni kwa nini azuiwe kuwatazama na waya wa plastiki.

Nakubali, kwa shingo upande, kwamba flati ina mazuri yake. Inakula umeme kidogo, haihitaji vijana wawili kuibeba, na maandishi ya matokeo yanasomeka, wakati kwenye kichogo unakisia kama ni tatu au nane. Nakubali pia kwamba picha za siku hizi ni pana na kioo cha kichogo kimekaribia mraba, hivyo wachezaji hutokea wembamba kama waliofunga mwezi mzima bila kufuturu. Hilo linarekebishwa ndani ya king'amuzi, kwenye mipangilio ya picha, kwa kuchagua 4:3, yaani umbo la kioo cha kichogo. Utabaki na mikanda myeusi juu na chini, lakini watu watarudi kuwa watu.

Jambo moja tu nawaombeni kwa dhati, bila kejeli: msifungue mfuniko wa nyuma. Bomba la picha la televisheni ya rangi hufanya kazi kwa zaidi ya volti 20,000, na linaweza kubaki na chaji hata baada ya kuchomolewa ukutani. Kuunganisha nyaya ni kazi ya mtu yeyote. Kuingiza bisibisi mle ndani ni kazi ya fundi aliyefundishwa. Na hao wanaosema "tupa", wanataka tuitupe wapi? Kioo cha bomba lile kina madini ya risasi, na majalala yetu yana watoto wanaookota chuma chakavu.

Mwisho nawageukia wenye maduka, maana dawa wanayo na wanaitumia kila siku. Ukinunua balbu katika duka lolote hapa mjini, muuzaji anaitoa kwenye boksi, anaichomeka kwenye holda iliyoko kaunta, inawaka, ndipo unalipa. Hakuna anayeona ni usumbufu. Basi na waya wa televisheni ujaribiwe vivyo hivyo kabla fedha haijabadilisha mkono: wekeni king'amuzi kimoja na kichogo kimoja pembeni ya kaunta, chomekeni, mteja aone picha. Vichogo vya kununua vipo tele, tena kwa bei ndogo, kwa sababu nyinyi wenyewe ndio mnaowashauri watu wavitupe.